Modela ya gitaa: kupata sauti nzuri kuanzia chumbani hadi ukumbini

Harusi ya kwanza niliyopiga kwa modela, kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya ya gitaa, ilikuwa Dar es Salaam, Jumamosi ya mvua. Wiki nzima nilikuwa nimejifungia chumbani na hedifoni, natengeneza sauti usiku ili nisiwaamshe wapangaji wenzangu. Nikapata priseti tatu (mipangilio ya sauti iliyohifadhiwa kwenye kifaa) za kujivunia. Ile ya solo ilikuwa nene, tamu, ina mwangwi utadhani napigia pangoni. Ukumbini nikachomeka kwenye miksa, bendi ikaanza, gitaa likapotea. Lilikuwa linatoka, ila chini linagombana na besi, juu linachoma masikio, na pale katikati gitaa linapokaa hapakuwa na kitu. Mzee wetu wa ridhim, mtu aliyeanza kupiga dansi kabla sijazaliwa, akanisogelea kati ya nyimbo mbili akasema: "Mwanangu, vidole naviona. Gitaa silisikii."

Kifaa hakikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimepika sauti ya hedifoni, tena kwa sauti ya chini, halafu nikaipakulia ukumbi mzima. Tangu siku hiyo nimebadilisha mpangilio wa kazi, na ndio huo ninaouandika hapa. Mfano nitakaoutumia ni mmoja mwanzo hadi mwisho: sauti safi ya solo la rumba na sebene. Ndiyo ninayoipiga kila wiki, na ni sauti isiyo na pa kufichia makosa. Anayepiga roki au injili atafuata hatua hizo hizo. Atakachobadilisha zaidi ni geini, yaani kiasi cha kuisukuma amplifaya mpaka ianze kukwaruza.

Unachosikia ni maiki

Ukisimama mbele ya amplifaya ya kawaida, masikio yanapokea spika moja kwa moja, pamoja na kuta za chumba na ule mtikisiko unaopanda miguuni. Modela haikupi hayo. Yenyewe inaiga safari nzima: amplifaya, boksi la spika, na maiki iliyowekwa mbele ya boksi. Unachokisikia ni kile ambacho fundi wa studio anakisikia chumbani kwake wakati mpiga gitaa yuko chumba cha pili. Wengi wanaosema modela haina uhai wanailaumu amplifaya, kumbe kinachowakera ni maiki na boksi lililochaguliwa.

Jambo la pili ni spika zenyewe. Spika ya gitaa ya inchi 12 haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na kuanzia karibu Hz 5,000 kwenda juu sauti yake inaporomoka haraka. Spika ya ukumbini ina twita na inafika karibu Hz 20,000. Ukiipelekea distoshani, ile sauti ya kukwaruza kwa makusudi, bila kuiga boksi, utasikia nyuki ndani ya kopo. Sauti safi nayo itakuwa kali na kavu, kama uma unaogonga sahani.

Teknolojia yenyewe si ya jana. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995, Line 6 wakatoa POD yao nyekundu yenye umbo la harage mwaka 1998. Mwaka 2011 Kemper wakaja na njia nyingine: badala ya kuiga saketi kipande kwa kipande, kifaa kinapeleka ishara kwenye amplifaya halisi, kinasikiliza majibu, kisha kinahifadhi picha ya sauti hiyo. Leo njia hiyo ya picha ipo hata kwenye programu za bure kama NAM (Neural Amp Modeler). Kwa mtumiaji, tofauti inayohusu mikono ni hii: picha imepigwa nobu zikiwa katika mkao mmoja. Ukitaka geini nyingi zaidi, tafuta picha nyingine ya amplifaya hiyo hiyo kuliko kuzungusha nobu mpaka mwisho. Kwenye modela ya saketi, nobu zinafuata tabia ya amplifaya yenyewe, kwa hiyo zungusha bila woga.

Kabla hujagusa skrini

Anza na gitaa. Nyuzi zilizokufa hazifufuliwi na ikwalaiza. Weka nobu ya sauti ya gitaa mwisho, na ya toni mwisho, ndipo utengeneze. Jukwaani utashusha pale panapohitajika. Kwa sebene mimi natumia pikapu ya kati na ya nyuma kwa pamoja. Ya nyuma peke yake inauma sana, ya shingoni inazama kwenye besi.

Adapta. Pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya jeki, lakini kiasi cha mkondo kinatofautiana mno. Pedali ndogo ya kawaida inaridhika na mA 100 au chini ya hapo, ilhali HX Stomp, kwa mfano, inakuja na adapta ya ampea 3. Ukiazima adapta ya pedali ya jirani, modela itagoma kuwaka, au itawaka halafu ijizime katikati ya wimbo. Soma maandishi ya nyuma ya kifaa: volti, mkondo, na ule mchoro unaoonyesha hasi iko ndani au nje.

Kisha fungua menyu ya jumla, ile inayohusu kifaa kizima na siyo priseti moja, ukatafute mpangilio wa matokeo. Hapo ndipo unapokiambia kifaa umekichomeka wapi. Ukienda kwenye miksa, spika yenye amplifaya yake ndani, au amplifaya ya kinanda, uigaji wa boksi uwe umewashwa. Ukienda kwenye amplifaya ya gitaa, uzime, na kama amplifaya ina jeki ya nyuma iliyoandikwa RETURN, chomeka hapo ili uruke sehemu yake ya mbele. Nimewahi kukuta kijana kanisani kachomeka modela kwenye jeki ya mbele ya amplifaya huku boksi likiwa limewashwa. Boksi juu ya boksi, na maiki isiyokuwepo mbele ya spika iliyopo. Ilikuwa kama mtu anaongea akiwa amejifunika blanketi, na yeye alikuwa anaendelea tu kuongeza trebo.

Mwisho, kipimo cha kuingia. Piga chodi kwa nguvu kuliko utakavyopiga jukwaani. Taa nyekundu ikiwaka, shusha kiwango cha kuingia, au washa ile swichi ya kupunguza ishara kama kifaa kinayo. Mkwaruzo unaoingia mlangoni hauondoki hata ufanye nini huko mbele.

Futa kila kitu, anza na amplifaya

Priseti za kiwandani zimetengenezwa zimvutie mnunuzi aliye peke yake dukani. Zina mwangwi mwingi, besi nyingi, na upana wa kushoto na kulia ambao miksa ya ukumbini, mara nyingi iliyowekwa mono (njia moja tu), haitauona. Fungua priseti tupu.

Majina ya amplifaya yatakuchanganya kidogo, maana kampuni haziwezi kutumia majina ya wenzao. Kwenye vifaa vya Line 6, Fender Twin Reverb inaitwa US Double, Roland JC-120 inaitwa Jazz Rivet 120, Vox AC30 inaitwa Essex A30. Mwongozo wa kifaa chako una jedwali linaloeleza kila jina limetokana na nini. Lipakue uwe nalo kwenye simu. Nimeona watu wakihangaika miezi wakitafuta sauti fulani huku amplifaya yake iko kwenye kifaa chao, imejificha nyuma ya jina wasilolijua.

Kwa sauti yetu, chagua Twin. Ni amplifaya inayobaki safi hata ukiisukuma. JC-120, ambayo Roland waliitoa mwaka 1975, ni safi zaidi, karibu ya kioo, na korasi yake ndiyo iliyoipa jina. Naipenda kwa ridhim, kwa solo naiona nyembamba. Hapo ni masikio yangu tu.

Nobu za kuanzia, kwa kipimo cha 0 hadi 10: geini 3.5, besi 3, sauti za kati 6.5, trebo 5, swichi ya BRIGHT izimwe. Besi 3 inaonekana ndogo, lakini kuna sababu. Kwenye amplifaya za Fender za aina hii, nobu za toni ziko kabla ya sehemu kubwa ya kukuza ishara. Besi ikizidi hapo, noti nene zinalegea na kutapakaa mara tu unapopiga kwa nguvu. Na saketi hiyo kwa asili inachimba shimo kwenye sauti za kati, ndiyo maana tunazipandisha.

Angalia pia nobu mbili zinazofanana kwa jina. Moja inabadilisha tabia ya amplifaya: geini, au masta kwa amplifaya zenye masta. Nyingine, ambayo kwenye vifaa vingi inaitwa CHANNEL VOLUME au LEVEL, inabadilisha ukubwa wa sauti bila kugusa rangi yake. Hiyo ya pili ndiyo ya kusawazishia priseti. Ukiichanganya na ya kwanza, kila ukitaka sauti kubwa utapata uchafu.

Boksi: hapa kaa muda mrefu

Kama una saa moja ya kutengeneza sauti, dakika 40 zitumie hapa. Kubadilisha boksi kunageuza sauti kuliko kubadilisha amplifaya, na wengi wanaliacha boksi liwe kama lilivyo.

Boksi huigwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile iliyomo ndani ya kifaa, ambapo unachagua spika, unachagua maiki, unaisogeza. Ya pili ni IR (impulse response): faili fupi la WAV linalobeba jibu la boksi fulani, lililorekodiwa kwa maiki fulani ikiwa mahali fulani. IR zipo za kununua na za bure. Onyo langu kwa anayeanza: usipakue mia tano. Utaishia kusikiliza mafaili usiku kucha badala ya kupiga gitaa. Chukua boksi moja lenye spika mbili za inchi 12, lililo wazi nyuma, kama la Twin, ulijue vizuri.

Sasa sogeza maiki. Ikiwa katikati kabisa ya koni, sauti ni kali, yenye makali ya piki. Ukiisogeza kuelekea ukingoni, inatulia na kuwa nene. Ukiivuta mbali na spika, besi inapungua, na kama boksi lako linaiga chumba, nacho kinaanza kusikika. Maiki ya Shure SM57, iliyozoeleka kwenye amplifaya za gitaa duniani kote, ina nundu karibu na Hz 5,000 hadi 6,000, ndiyo inayolisukuma gitaa mbele. Maiki za riboni kama Royer R-121 ni nyororo zaidi. Mimi naanza na SM57, katikati ya koni, kisha naivuta kidogo kidogo kuelekea nje huku napiga mzunguko mmoja wa sebene kwenye nyuzi tatu nyembamba. Kuna sehemu ambapo ule mlio wa kuchoma unaondoka lakini kila noti bado ina kichwa chake. Hapo nasimama. Mara nyingi ni nusu ya njia, wala siyo mbali sana.

Kama kifaa chako ni kidogo na hakina cha kusogeza, badilisha maboksi kwa amplifaya hiyo hiyo na usikilize kwa namna hiyo. Boksi la spika moja ya inchi 12 lina ngumi ya katikati, la spika nne lina uzito wa chini. Hakuna sheria kwamba amplifaya lazima iende na boksi lake.

Kata chini, kata juu

Uzi mnene wa gitaa, E ya wazi, unatoa Hz 82 hivi. Chini ya hapo gitaa halina noti yoyote, lina mitetemo ya mkono na mvumo tu. Na hata hapo juu kidogo ni nyumba ya besi na tumba. Weka mkato wa chini kwenye boksi au ikwalaiza: Hz 100 kwa solo, hata 120 kama bendi ina kinanda chenye mkono wa kushoto mzito. Ukiwa peke yako chumbani gitaa litaonekana limekonda. Liache hivyo, kwenye bendi besi atalijazia.

Mkato wa juu uwe kati ya Hz 6,000 na 7,500. Ndio unaoituliza ile twita ya ukumbini. Kwa distoshani nenda hata 5,000.

Baada ya hapo, tafuta pale panapoumiza. Weka ikwalaiza ya parametriki baada ya boksi, chukua bendi moja ya masafa, Q (kipimo cha wembamba wake) karibu 4, ipandishe dB 8. Piga mzunguko ule ule huku ukisogeza bendi taratibu kutoka Hz 200 hadi 4,000. Kila mahali patasikika pabaya, kwa sababu dB 8 ni nyingi. Wewe tafuta pale panaporuka kuliko majirani zake. Gitaa langu huruka Hz 310, linakuwa kama debe, na tena Hz 3,200, linakuwa kama msumari. Ukipapata, geuza: badala ya kupandisha 8, shusha 3. Sehemu mbili zinatosha. Ukijikuta umeshusha sehemu tano, tatizo liko kwenye boksi, rudi nyuma.

Kama bendi ina magitaa matatu, na bendi nyingi za mtindo wa Kongo zina solo, mi-solo na ridhim, gawaneni nafasi kabla ya kugombana jukwaani. Ridhim apandishe mkato wake wa chini hadi Hz 150, na asipandishe kitu chochote kati ya 1,000 na 2,000. Solo ndiye aongezewe dB 2 karibu na 1,500. Mi-solo akae katikati yao, na mara nyingi kumbadilishia pikapu kunatosha kuliko ikwalaiza.

Tengeneza kwa sauti ya kazini

Mwaka 1933 Fletcher na Munson walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba usawa huo unabadilika kadiri sauti inavyopanda. Kwa sauti ya chini tunasikia besi kidogo na trebo kidogo. Ndio mtego ulioninasa. Usiku na hedifoni, nikaongeza besi na trebo mpaka sikio likaridhika. Ukumbini sauti ilipopanda, sikio likaanza kuzipokea zote, na nilizoziongeza zikageuka kelele.

Kwa hiyo chumbani fanya kazi ya kuchagua: amplifaya, boksi, mpangilio wa pedali. Kazi ya nobu za toni ifanyie kwenye spika inayofanana na ya kazini, kwa sauti ambayo ukitaka kuongea na mwenzako inabidi upaze. Kama huna spika, nenda mapema kwenye mazoezi ya bendi au kanisani siku ya kati ya wiki, omba nusu saa kwenye spika zao. Nusu saa hiyo inazidi wiki mbili za hedifoni. Na kama huna njia kabisa zaidi ya hedifoni, angalau weka wimbo wa bendi unaoufahamu upigwe sambamba, utengeneze gitaa lako likae ndani yake.

Madoido

Hapa sitakaa sana. Kabla ya amplifaya: noizi geti (inayonyamazisha kelele usipopiga) kama unaihitaji, kompresa, wa-wa, ovadraivu (uchafu mdogo). Baada ya boksi: korasi, dilei (rudio za noti), rivabu (mwangwi). Ukishauelewa mpangilio huo, uvunje upendavyo.

Kompresa ni muhimu kwa sebene kwa sababu noti ni nyingi na zinatakiwa zilingane kama shanga. Uwiano 3 kwa 1 au 4 kwa 1, na muda wa kushika usiwe mfupi mno; milisekunde 20 hivi, ili pigo la piki lipite kwanza ndipo kompresa ibane. Ukiona gitaa limekuwa laini kama halina kucha, umebana mapema mno.

Dilei hesabu yake ni rahisi: gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, utapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 120 una pigo la milisekunde 500, nusu yake 250. Kwa rumba ya taratibu, rudio mbili au tatu zilizo chini chini zinapendeza. Sebene ikikolea, zime dilei ndefu au weka fupi ya milisekunde 100 yenye rudio moja, la sivyo kila noti inakanyagwa na kivuli cha iliyotangulia.

Rivabu chumbani inaburudisha. Ukumbi wenye vigae, au kanisa la mabati lisilo na dari, tayari una yake ya kutosha. Mimi naenda na asilimia 10, na mara nyingi nafika na kuizima.

Kupandisha solo bila kuchafua

Hili linawasumbua watu wazoefu. Unakanyaga pedali ya kuongeza nguvu wakati wa solo, na gitaa badala ya kupanda linazidi kukwaruza na kurudi nyuma. Sababu ni mahali ulipoiweka. Ikiwa kabla ya amplifaya, unaisukuma amplifaya: kama ni Twin yenye nafasi, itapanda kidogo kisha ianze kuchafuka, kama tayari ina geini, haitapanda kabisa, itaongeza uchafu tu. Ukitaka ukubwa wa sauti, weka nyongeza baada ya amplifaya na boksi, dB 3 hadi 4. Ukitaka uchafu, weka mbele. Mimi nimefunga zote mbili kwenye kitufe kimoja: ovadraivu ndogo mbele, dB 3 nyuma, na sauti za kati zimepanda kidogo.

Kusawazisha priseti nako kufanyike bendi ikiwa inapiga. Sauti yenye distoshani imebanwa, kwa hiyo chumbani inaonekana kubwa kuliko safi. Kwenye bendi mambo hugeuka: safi ina vilele vinavyopenya, distoshani inazama. Muombe mwenzako asimame pale watu watakapokaa, wewe ubadilishe priseti wakati wimbo unaendelea, akuonyeshe kwa mkono juu au chini.

Ukumbini na fundi mitambo

Fika kabla hajamaliza kufunga nyaya zake, umsalimie kwanza. Mwambie unaleta nini: mono, tayari ina boksi, haihitaji maiki. Maneno yangu huwa haya: "Kaka, naomba chaneli yangu iache wazi kwanza, chini na juu nimeshakata humu ndani." Mmoja alinijibu, "Sawa, ila ukianza kujipandisha mwenyewe katikati ya wimbo nakuzima." Alikuwa na haki. Ukishapimwa sauti, nobu kubwa ya modela usiiguse. Baadhi ya modela hukuruhusu kuiweka nobu hiyo iendeshe jeki za robo inchi tu, yaani spika yako ya jukwaani, huku jeki ya XLR, ile ya pini tatu, inayokwenda kwa fundi ikibaki palepale. Kama kifaa chako kinaweza, fanya hivyo leo.

Ukitumia XLR, hakikisha kiwango kimewekwa cha maiki endapo fundi anakuchomeka kwenye jeki ya maiki. Kiwango cha laini kitaikwaruzisha miksa hata kwenye sauti ndogo. Mwombe pia azime zile volti 48, umeme wa kulishia maiki, kwenye chaneli yako. Kama una jeki ya robo inchi tu, tumia ile ya kushoto iliyoandikwa MONO, na kama miksa iko mbali pitia kwenye boksi la DI, kiboksi kinachoiandaa ishara isafiri mbali bila kuokota kelele. Waya wa gitaa wa mita 15 unaokatiza sakafu pamoja na nyaya za umeme utaokota kila kitu.

Mvumo ukitokea, usikimbilie noizi geti. Shusha sauti ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukikoma, unaingilia kwenye pikapu: sogea mbali na transfoma na zile taa za urembo za harusi, hasa zenye dima, au geuka upande mpaka ukae kimya. Pikapu za koili moja ndizo zinazoteseka zaidi. Usipokoma, ni njia ya umeme: chomeka modela kwenye soketi ile ile inayolisha miksa, na kama bado, bonyeza swichi ya kukata ardhi iliyo kwenye DI. Pini ya ardhi ya plagi usiing'oe kamwe. Hiyo ndiyo inayokulinda siku kifaa kitakapopata hitilafu ya umeme na wewe umeshika nyuzi za chuma.

Na umeme utakatika. Jenereta likiwashwa, amplifaya ya mzee wangu wa ridhim inarudi pale pale ilipokuwa. Modela inaanza kuwaka upya, sekunde kadhaa ambazo jukwaani ni ndefu sana, na kwenye vifaa vingi inarudi na priseti kama ilivyohifadhiwa mara ya mwisho. Yale uliyoyarekebisha wakati wa kupima sauti, kama hukubonyeza SAVE, yameondoka na TANESCO. Hifadhi mara tu fundi anapoinua dole gumba, kisha ukirudi nyumbani nakili priseti zote kwenye kompyuta, maana ile ya ukumbi huu utaitaka tena bendi ikialikwa hapo hapo mwezi ujao.